Kibofu Kisichotulia na Mshipa wa Kifundoni



Mwezi wa Rajabu mpwa wetu alifunga ndoa Bukura, kaunti ya Kakamega. Kijana huyu alikwenda huko kusoma katika chuo cha kilimo, chuo kilichoanza tangu zama za Mwingereza, akamaliza masomo akiwa na cheti mkononi na mchumba moyoni. Nikaha ilisomwa kwa wakwe kama ilivyo ada. Walima ikafanywa Mombasa, na hapo ndipo maneno yalipoanza, maana mama wa bi harusi hakuja. Baba alikuja, wajomba walikuja, shangazi wawili walikuja na kuku na unga wa wimbi, lakini mama hakuonekana. Dada yetu, ambaye ndiye mama wa bwana harusi, alikaa na jambo hilo kifuani wiki tatu nzima. Mwisho akatuambia, "Kaka, watu hawa watudharau."

Tulimsihi asihukumu asilolijua. Shaabani ilipoandama tukafunga safari, sisi na mama watoto, kwenda kulisikia neno kwa mwenyewe.

Bukura ni pahali pa miwa na mahindi, na alasiri nyingi huko hazipiti bila mvua. Si mbali na Mumias, ambako Uislamu uliingia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, enzi za Nabongo Shiundu na mwanawe Nabongo Mumia. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akifika pande hizo husikia adhana, na huamkiwa kwa Kiswahili kisichomtia ugeni. Tulipokewa kwa heshima iliyotuonea haya. Chai ya maziwa ililetwa, na mama mwenye nyumba akaketi nasi. Kabla kikombe cha kwanza hakijaisha alikuwa ameinuka mara moja, na kabla ya cha pili ameinuka tena. Yeye mwenyewe chai hakuionja. Ilipofika Alasiri tukaswali jamaa ukumbini, naye hakusimama nyuma pamoja na wanawake wenzake. Tuliliona hilo, tukanyamaza. Baina ya wakwe yako mambo mwanamume hayaulizi.

Mama watoto ndiye aliyemfuata jikoni. Walikaa huko hadi karibu na Magharibi, na alipotoka alituambia kwa ruhusa ya mwenyewe, na kwa ruhusa hiyo hiyo twaliandika hapa bila ya jina. Kwa miaka minne bibi huyu amekuwa akijiwa na haja ndogo kwa ghafla, haja isiyomwachia nafasi ya kufika mlangoni. Mchana huenda msalani mara kumi na zaidi, na usiku huamka mara tano. Baadhi ya siku huwahi na baadhi ya siku hutokwa njiani. Safari ya basi kutoka Kakamega hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na kituo cha kushuka hukichagua dereva. Hakumdharau mtu. Aliogopa kiti cha basi.

Msikitini aliacha kwenda, darsa za wanawake aliziacha, na mwaka mzima alikuwa akiswali kila faradhi mara mbili: mara moja kwa wakati wake, na mara ya pili akiilipa kadha, kwa kudhani ya kwanza haikusihi. Mama watoto alipolitaja hili la mwisho, tuliinamisha kichwa.

Tuliinamisha kwa sababu tulimkumbuka mwanamke mwengine. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, tuliletewa kikaratasi kutoka upande wa akina mama. Muulizaji aliandika ya kwamba mkojo humponyoka, je, audhuje? Tulimjibu kwa hukumu ya mwenye kutokwa daima kama tulivyoisoma madrasa, tukaona tumemaliza. Hatukumwuliza humponyoka vipi. Wala hatukumwambia kuwa pengine ana maradhi yanayotibika. Alikwenda na fatwa, na maradhi yake akarudi nayo nyumbani. Toka safari ya Bukura tumekuwa tukisoma na kuwauliza madaktari, na makala haya ni sehemu ya deni lile.

Maradhi yenyewe madaktari huyaita kibofu chenye kufanya kazi kupita kiasi. Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba kiasi cha nusu lita. Kinapojaa pole pole hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na ubongo hukiamuru kisubiri hadi mwenyewe awe tayari. Kwa mwenye maradhi haya msuli wa kibofu hujikaza kabla ya wakati, kingali hakijajaa, na amri ya kusubiri haifuatwi. Dalili yake kuu ni ile haja ya ghafla isiyokawizika. Mara nyingi hufuatana nayo kwenda msalani zaidi ya mara nane kwa siku na kuamka usiku, na kwa baadhi ya watu kutokwa kabla ya kufika. Huwapata wanawake na wanaume, na huzidi kadiri umri unavyosonga. Haya si yale ya mama anayetokwa na tone anapokohoa au kucheka baada ya kuzaa. Hayo ni ya udhaifu wa misuli ya nyonga, na matibabu yake ni mengine, ingawa mtu mmoja aweza kuwa nayo yote mawili.

Wala si kila mwenye kwenda haja mara nyingi ana maradhi haya. Kwanza hupimwa mkojo, ijulikane kama kuna vijidudu. Hupimwa sukari, kwani kisukari kisichotulizwa humfanya mtu akojoe mno. Na kwetu pwani, penye mito na madimbwi, ni lazima ukumbukwe ugonjwa wa kichocho, ambao hukaa katika kibofu na mara nyingi huonekana kwa damu katika mkojo. Mwenye kuona damu asingoje hata siku moja.

Ikishabainika kuwa ni kibofu kisichotulia, daktari haanzi na mashine. Huanza na mambo ya nyumbani. Chai na kahawa hupunguzwa, maana kilichomo ndani yake hukichokoza kibofu. (Wazee wa baraza wenzetu, vikombe vya kahawa chungu tunavyovihesabu kama tasbihi navyo vimo.) Maji hayaachwi. Bibi wa Bukura alikuwa hanywi maji toka asubuhi hadi jioni, na kumbe mkojo mzito nao huchokoza. Kisha hufundishwa kukaza misuli ya chini, ile ambayo mtu huikaza anapozuia upepo, na kukizoesha kibofu kusubiri: haja ikija, mtu asimame au aketi, akaze, avute pumzi hadi wimbi lipite, ndipo aende kwa utulivu. Leo akawize dakika tano, wiki ijayo kumi, mpaka afikie saa tatu hivi baina ya haja na haja. Mazoezi haya huchukua wiki nyingi, na wengi huyaacha katika wiki ya pili wakasema hayafai.

Baada ya hayo kuna vidonge vya kuutuliza msuli. Huwafaa wengi, lakini baadhi yake hukausha kinywa na kufunga choo, na kwa wazee vyaweza kuvuruga kumbukumbu. Vyengine huweza kupandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo wako wanaovitumia miezi michache, wakachoka.

Hapo ndipo linapokuja jambo lililotushangaza: kukituliza kibofu kwa kupitia mguu.

Juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, nyuma ya mfupa wa muundi, hupita mshipa wa fahamu unaoshuka hadi wayo. Mshipa huo, ukiufuatilia juu, huingia katika uti wa mgongo kwa chini, na baadhi ya mizizi yake ni ile ile inayotoka mishipa ya kibofu. Ni kama nyumba mbili zinazochota maji katika kisima kimoja. Umeme mdogo ukipitishwa kwenye mshipa wa kifundoni, habari hupanda hadi katika mizizi ile, na zile habari za haraka zinazotoka kibofuni hupoa. Namna hasa inavyokuwa bado inachunguzwa, lakini matokeo yamepimwa.

Watabibu wa Kichina walikuwa wakichoma sindano pahali hapo tangu zamani kwa maradhi ya sehemu za chini. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Edward McGuire, na wenzake waliandika juu ya kuusisimua mshipa huo kwa umeme kupitia juu ya ngozi. Baadaye Marshall Stoller wa San Francisco alitengeneza njia ya sindano nyembamba mno, na mwaka 2000 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilikiruhusu kifaa chake.

Matibabu yenyewe ni mepesi kuyaeleza. Mgonjwa huketi na kunyoosha mguu. Sindano iliyo nyembamba kama unywele huingizwa kiasi cha vidole vitatu juu ya kifundo, na kibandiko huwekwa chini ya wayo. Umeme hufunguliwa pole pole mpaka kidole gumba cha mguu kijikunje au mtu ahisi mtekenyo wayoni. Hiyo ndiyo alama kuwa mshipa umepatikana. Hukaa hivyo nusu saa. Hurudia mara moja kila wiki, kwa wiki 12, na mwenye kupata nafuu huendelea kama mara moja kwa mwezi ili nafuu isiondoke. Wengi hawaoni kitu mpaka wiki ya sita au ya nane, na hili twalikariri kwa sababu subira ndiyo inayokosekana. Madhara yake ni machache: damu kidogo palipochomwa, au maumivu yanayopita.

Je, si dhana tu? Swali hili waliliuliza wenyewe madaktari. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2010, wagonjwa 220 waligawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lilipata matibabu ya kweli, na la pili lilifanyiwa kama matibabu, bila ya umeme kufika kwenye mshipa, wala wagonjwa hawakujua nani ni nani. Baada ya wiki 12, asilimia 54.5 ya waliotibiwa kweli walisema wamepata nafuu ya kutosha au kubwa. Katika wale wengine walikuwa asilimia 20.9. Twaomba hesabu hizi zisomwe kwa pande zote mbili. Tiba hii ina nguvu kuliko dhana, na vile vile karibu nusu ya waliotibiwa hawakufaidika kiasi hicho. Atakayekuahidi kupona kwa yakini ana lake.

Ipo pia njia isiyokuwa na sindano. Vibandiko viwili hubandikwa, kimoja nyuma ya kifundo na kingine kiasi cha sentimita 10 juu yake, na mashine ndogo ya betri hupitisha umeme. Mashine ya namna hii wataalamu wa fiziotherapia katika nchi yetu wanayo kwa ajili ya maumivu ya mgongo na magoti. Ndiyo ile waiitayo TENS. Tafiti kadhaa zimeona kuwa njia hii nayo huleta nafuu. Kwa familia zetu, hii ndiyo iliyo karibu. Mwendee daktari, akikuandikia umwendee mtaalamu wa viungo, muulize kwa kutaja jina la mshipa wa kifundoni na kibofu, kwani aweza kuwa na mashine na asiwe ameitumia kwa jambo hili. Mwenye mashine ya moyo, mwenye mimba, na mwenye maradhi ya damu isiyoganda hawafanyiwi bila ya daktari kuamua. Na yule muuzaji wa mikanda ya umeme anayepita na mkoba akidai kutibu kibofu, presha na ugumba kwa pamoja, mpeni maji ya kunywa na mumsindikize.

Kuna na tiba kubwa zaidi, ya kutia waya karibu na mizizi ile ile mgongoni kwa chini, pamoja na betri ndogo chini ya ngozi ya kalio. Ilitokana na kazi ya Emil Tanagho na Richard Schmidt huko San Francisco, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1997. Hujaribiwa kwanza siku chache kabla ya kutiwa moja kwa moja. Gharama yake ni kubwa mno, na twaitaja ili ijulikane tu.

Sasa turudi kwenye yaliyo yetu, maana bibi yule alituuliza mwenyewe, akiwa nyuma ya mlango wa jikoni na mama watoto akiwa kati.

Aliuliza kuhusu swala. Tulimwambia ailipe kadha hiyo kwa kuiacha. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu ni ya yule asiyepata, katika wakati wote wa swala, nafasi ya kutawadha na kuswali akiwa mkavu. Huyo hujisafisha, hujifunga vyema, hutawadha baada ya wakati kuingia, huswali faradhi moja bila ya kuchelewa pasi na haja, na swala yake ni sahihi wala hairudiwi. Lakini bibi huyu hutokwa mara moja au mbili kwa siku, na baina yake ana masaa ya ukavu. Basi yeye hutawadha na kuswali kama watu wengine katika nafasi yake ya ukavu. Akitokwa kwa hakika, hujisafisha na kutawadha upya. Na ikiwa ni katika swala, huirudia hiyo moja. Akihisi haja tu na asitokwe na kitu, udhu wake uko pale pale, na shaka ya kuwa pengine ametokwa haimpasii chochote. Kuianza swala hali akiizuia haja ni karaha, kwa hiyo mazoezi ya kukawiza ayafanye nje ya swala, na aende msalani kabla ya kutawadha. Haya ndiyo tuliyopaswa kumweleza na yule wa kikaratasi.

Aliuliza kuhusu saumu, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa mlangoni na wiki 12 zingeipitia. Kibandiko juu ya ngozi hakifunguzi, na sindano katika nyama ya mguu pia haifunguzi, kwa kuwa haifiki tumboni kwa njia iliyo wazi. Afuturu maji kidogo kidogo, asiyamimine yote kwa pamoja usiku.

Aliuliza kuhusu kufunua mguu. Atafute mtaalamu mwanamke, na wako wengi katika kazi hii. Asipompata, dharura huhalalisha kifundo na wayo, pasipozidi hapo, na awe pamoja na mumewe au maharimu wake. Wanawake wa Kiansari walisifiwa na Bibi Aisha kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na walichokuwa wakimwuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kilikuwa kizito kuliko hiki.

Jambo moja tulilisema kwa mumewe, tukiwa naye shambani. Miaka minne amelala kitanda kimoja na mwanamke anayeamka mara tano usiku, na hakuuliza. Alisema alidhani ni uzee. Mzee huyu ni mtu mwema, na jibu lake twalisikia katika nyumba nyingi, yetu ikiwemo.

Mpwa wetu ndiye aliyemtafutia mkwewe mtaalamu mwanamke mjini Kakamega. Mkojo na sukari vilipimwa kwanza, vikawa salama. Alianza kwa vibandiko pamoja na mazoezi, na kikombe kimoja cha chai badala ya vinne. Wiki ya tano alituma ujumbe kuwa hakuna kilichobadilika na nauli ya kwenda mjini inamuumiza. Mume alimwuzia jogoo wawili, akaendelea. Wiki ya tisa alisema usiku anaamka mara mbili. Mchana bado hushtukiwa, ila sasa hupata nafasi ya kufika. Tarawehe za mwisho za Ramadhani aliziswali msikitini, safu ya nyuma karibu na mlango.

Dada yetu tulimweleza yote haya baada ya Idi, kwa idhini ya mwenyewe. Alinyamaza kitambo kirefu akikunja kanga yake. Kisha akasema atampigia simu mkwe wake amwombe radhi, na amwambie akija Mombasa ashukie kwake, chumba cha karibu na msala. Tulipokuwa tukivaa viatu kuondoka akatuuliza, kwa sauti ya chini, kama tiba ile ya kifundoni yapatikana na huku kwetu.

Tukamwuliza ni ya nani.

Akasema anauliza tu.